Orodha ya Marufuku ya Mzee Kiboko

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na nini?

"Pakawa na bwawa!"

Bwawa la nani?

"La wote!"

Mbona lina aliyelikalia?

"Tusimulie!"

Nawasimulia, lakini wewe wa nyuma uliyeinamia simu, iweke chini. Hadithi hii ina simu za kutosha, hatuna haja na yako. Na msiniulize wanyama walizipata wapi simu, wala walizichajia wapi. Hii ni ngano. Anayetaka ushahidi aende mahakamani.

Hapo kale, lakini si kale sana, palikuwa na bwawa liitwalo Mkalamo. Kiangazi kikiingia, vijito vingine vyote vikikauka, maji yalibaki hapo tu. Wanyama wote walikunywa hapo, ila kila ukoo kwa wakati wake, maana malisho yalikuwa mbalimbali. Pundamilia huku, Digidigi kule, Tembo ng'ambo ya vilima. Ndiyo maana wakaanzisha kundi kwenye simu, wakaliita Sauti ya Bwawa. Simba kaonekana wapi, majani mabichi yako wapi, nani kajifungua, nani kafiwa, yote mlemle.

Mwanzo kundi lilikuwa tamu. Halafu akaingia Nyani.

Mnacheka? Mnamjua, basi. Asubuhi Nyani anamtukana Ngiri kwa sura yake. Mchana anamtukana mama yake Ngiri, ambaye ni marehemu. Jioni anatangaza bwawa limekauka, Pundamilia wanahama na watoto wao mbio, kumbe bwawa limejaa pomoni. Wanyama wakachoka. Wakasema, "Jamani, kundi hili linataka mchungaji. Mtu mzito."

Tembo ndiye mzito kuliko wote, lakini Tembo alikataa. Alisema simu yake mwenyewe ameshaikalia mara mbili. Basi wakamwendea Kiboko, na Kiboko akakubali hata kabla hawajamaliza kuomba. Akawa admini. Akamchukua Yangeyange, yule ndege mweupe anayempanda mgongoni, akampa kazi moja tu: neno baya likiingia, alifute.

Nyani kamtukana Ngiri. Pi! Ujumbe umeingia. Yangeyange akafanya nini? Fyuu! Umefutwa. Wanyama wakashangilia.

Nyani katangaza uzushi. Pi! Umeingia. Yangeyange?

"Fyuu!"

Haswa. Wakashangilia tena. Hapo Kiboko akasema, "Na anayefutiwa ujumbe alipe faini. Tikiti moja, aniletee hapa nilipo." Wanyama wakaona sawa, kwa kuwa anayefutiwa ni Nyani. Nyani akaleta tikiti. Kiboko akalitia kinywani zimazima, kwachu! Maji yake matamu yakamtiririka kidevuni, akafumba macho.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mambo yalipoharibika. Kwa sababu Nyani, kwa kuogopa faini, akanyamaza. Na Nyani akinyamaza, tikiti litatoka wapi?

Kiboko akafikiri. Akamwita Yangeyange.

"Matusi yamepungua?"

"Yamekwisha kabisa, mzee."

"Basi tafuta mengine."

"Hayapo, mzee."

"Yapo. Haya maneno ya tumbo, ya choo, ya maradhi ya ndani, hayo ni maneno ya mbele za watu?"

"Yana aibu kidogo, mzee."

"Ndiyo hayohayo. Tunalinda maadili."

Kuanzia siku hiyo ikawa balaa. Bi Swala kaandika ana uvimbe kwenye kiwele, anaomba dawa. Fyuu! Tikiti moja. Pundamilia kauliza mimba ya miezi mingapi huanza kucheza tumboni. Fyuu! Tikiti moja. Matikiti yakawa yanaletwa gulugulu, gulugulu, mpaka upande wa juu wa bwawa, pale kijito kinapoingilia, alipokuwa amejilaza Kiboko. Naye hakuondoka tena hapo. Aondoke aende wapi, na chakula kinakuja chenyewe?

Sasa juu ya bwawa palikuwa na majabali, na kwenye majabali aliishi pimbi mmoja, jina lake Siwatu. Pimbi mnamjua? Mdogo, mkia hana, ukimwona utadhani panya aliyeshiba. Siwatu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mbaruku, kwa hiyo wote walimwita Mama Mbaruku.

Na pimbi wana desturi moja ambayo wanyama wengine hawana. Ukoo mzima una choo kimoja. Mahali pamoja pa jabali, mbali na chakula, mbali na maji. Babu alikwenda hapo, mjukuu atakwenda hapo. Kwa hiyo kwa pimbi habari za choo hazina aibu hata chembe. Wakikutana asubuhi wanaulizana:

"Umeamkaje, shangazi? Umepata choo?"

"Nimepata, alhamdulillahi. Wewe je?"

Asiyepata, au aliyepata kupita kiasi, ukoo wote unajua kabla jua halijawa kali, na dawa inatafutwa. Wageni wakiwasikia wanaziba masikio. Wao wala hawajali.

Basi siku moja Mbaruku akaanza kuharisha. Siku ya kwanza mama yake akampa majani ya mpera. Siku ya pili akampa tena. Siku ya tatu mtoto hakuinuka. Macho yalikuwa yameingia ndani, na Siwatu alipombana ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Aliogopa, Siwatu. Mtoto ni mmoja tu, na mwingine hana.

Akachukua simu, akaandika: "Jamani wazazi wenzangu, mwanangu anaharisha siku ya tatu. Kuna mwingine mwenye mtoto anayeumwa hivi? Ni maji au ni nini?"

Pi!

"Fyuu!"

Fyuu, ndiyo. Na chini yake pakaandikwa: Ujumbe umefutwa na admini. Faini tikiti moja. Tulinde maadili.

Siwatu akasema, labda nimetumia neno kali. Akaandika, "Mwanangu tumbo linamwendesha." Pi! Fyuu! Tikiti la pili. Akaandika, "Mwanangu tumbo halijatulia." Pi! Fyuu! Tikiti la tatu. Akaandika, "Mwanangu anakwenda kichakani mara kwa mara." Hapo Yangeyange akakuna kichwa kwa mguu, akafikiri, akafikiri tena. Halafu fyuu! Tikiti la nne.

Siwatu akaitupa simu kwenye nyasi, akashuka chini ya majabali kutafuta majani mengine. Huko akamkuta Mama Digidigi amesimama peke yake, kichwa chini, machozi yanamtoka.

"Mama Mbaruku," akanong'ona Mama Digidigi, akitazama huku na huku, "nina jambo, lakini usinicheke. Pacha wangu wote wawili wanaharisha."

"Mbona hukusema kwenye kundi?"

"Niliandika, nikafutiwa. Nikaona hakuna mwingine anayesema, nikajua ni mimi peke yangu. Nikasema, nimekosa nini mimi?"

Siwatu akakaa chini. Kumbe ndivyo! Kumbe kila mama yuko kwake na mtoto wake mgonjwa, anatazama simu, haoni mwingine anayelalamika, anadhani mkosi ni wake. Hasira zikampanda, na zikishampanda mtu mdogo kama yule huwa zinajaa upesi.

Akapanda juu ya jabali lake kuu. Pimbi ana macho, jamani, anatazama jua bila kupepesa. Siwatu akatazama bwawa. Akaona kijito kinavyoingia upande wa juu. Akaona maji yanavyotembea kwenda ukingo wa kati, wanakonywea watoto. Akamwona Kiboko amesimama palepale kwenye mlango wa maji, tumbo limejaa matikiti ya watu. Kisha Kiboko akainua mkia. Na kiboko akiinua mkia hafanyi kistaarabu. Anaupepea kulia, anaupepea kushoto, parapara! parapara! parapara! Vyote vikatapakaa majini.

Zamani alikuwa akifanya hayo upande wa chini, maji yanapotoka bwawani, na hakuna aliyedhurika. Tangu faini zianze hakushuka tena. Akipokea tikiti, anakula. Akila, anainua mkia. Akiinua mkia, watoto wanaugua. Watoto wakiugua, mama zao wanaandika. Wakiandika, wanafutiwa, wanaleta tikiti. Umeona mzunguko huo? Mimi nilipousikia mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Siwatu alijua dawa iko wapi. Kwenye Korongo la Mchanga, nyuma ya majabali, ukichimba chini unapata maji safi, mchanga umeyachuja. Lakini kuchimba kule kunataka miguu ya Tembo, na Tembo yuko ng'ambo ya vilima, mwendo wa siku mbili kwa miguu ya pimbi. Mbaruku hana siku mbili. Na ukisema neno ukingoni mwa bwawa, Kiboko anakupigia miayo. Mmewahi kuona miayo ya kiboko? Ukiiona unakumbuka ghafla una shughuli nyumbani.

Njia ya kumfikia Tembo ilikuwa moja tu, simu, na simu za wanyama zilikuwa na kundi hilo tu. Na mlango wa simu umekaliwa.

Siwatu akawaza, akawaza, akacheka peke yake. Akamwambia Mama Digidigi, "Nitafutie matikiti manne. Nakwenda kulipa faini."

"Utamlipa yule?"

"Namlipa yote. Na nitamwomba anizidishie."

Wakayavingirisha matikiti, gulugulu, gulugulu, mpaka bwawani. Mama Digidigi akajificha kwenye matete. Siwatu akasogea, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba. Nani huyo? Simwoni."

"Huku chini, baba. Mama Mbaruku. Nimekuja kulipa. Haya hapa, manne."

Kwachu! kwachu! kwachu! kwachu! Kiboko akalamba midomo. "Wewe una adabu. Wengine wananikimbia."

"Ndilo lililonileta, baba. Wanakukimbia wengi. Wanakudhulumu."

Kiboko akasimamisha masikio. "Wananidhulumu vipi?"

"Ukimfutia mtu, anasema hakujua neno limekatazwa. 'Ningejuaje? Limeandikwa wapi?' Halipi. Wajanja hao, wanazunguka. Ukikataza neno hili, wanatumia lile. Ah, mimi ningekuwa wewe ningetoa orodha. Kila lisilosemwa liandikwe wazi, libandikwe juu kabisa ya kundi, kila mmoja alisome asubuhi na jioni. Hapo ataponyoka nani?"

Kiboko akayaona matikiti. Akayaona kabisa, yamejipanga kutoka bwawani mpaka vilimani. "Yangeyange! Shika simu. Andika!"

Yangeyange akashika simu.

"Ni marufuku kusema kinyesi," akasema Kiboko.

"Hapo umewabana, baba," akasema Siwatu. "Ila mjanja atasema mavi."

"Ni marufuku kusema mavi!"

"Umewabana. Ila mjanja hatataja kitu chenyewe. Atasema tu kwamba Kiboko anainua mkia kwenye mlango wa maji."

"Ni marufuku kusema Kiboko anainua mkia kwenye mlango wa maji! Andika!"

"Mzee," akasema Yangeyange, "hili naona..."

"Nimekuuliza unaona nini? Andika!"

Yangeyange akaandika.

"Umewabana, baba. Sasa wapo wenye watoto wagonjwa. Hao ndio wabaya. Watasema wanaharisha tangu wanywe maji ya bwawa."

"Ni marufuku kusema watoto wanaharisha tangu wanywe maji ya bwawa!"

"Na watahesabiana. Watasema, wa Pimbi mmoja, wa Digidigi wawili, na wewe wako wangapi?"

"Ni marufuku kusema wa Pimbi mmoja, wa Digidigi wawili, na wewe wako wangapi!"

"Umewabana kabisa. Wakikosa pa kupita hapo watajitia waganga. Watasema mtoto anayeharisha asinyimwe maji, apewe maji safi na uji mwepesi wenye chumvi kidogo, kidogokidogo, mchana kutwa."

"Ni marufuku! Yote hayo! Andika kama alivyosema!"

"Mzee..."

"Yangeyange, unataka kushuka mgongoni kwangu?"

Yangeyange hakutaka. Akaandika.

Siwatu akasogea karibu. Limebaki moja, na hilo ndilo alilolijia. Akainamisha kichwa, sauti akaifanya ndogo. "Na mwisho, baba, lipo baya kuliko yote. Sijui hata kama nilitaje."

"Litaje! Matikiti mawili kwa hilo!"

"Watasema Korongo la Mchanga lina maji safi chini. Watasema Tembo aje haraka achimbe, hata leo, asingoje kesho."

"Marufuku!" Kiboko akanguruma mpaka matete yakalala. "Ni marufuku kusema Korongo la Mchanga lina maji safi! Ni marufuku kusema Tembo aje haraka achimbe, hata leo, asingoje kesho! Tuma! Ibandike juu!"

Pi!

Kwa Pundamilia, pi! Kwa Ngiri, pi! Kwa Bi Swala, pi! Ng'ambo ya vilima, kwa Tembo, pi!

Siwatu akaaga kwa heshima zote, akarudi nyuma hatua kumi, akageuka, akakimbia kama alivyokuwa hajawahi kukimbia. Mama Digidigi alikuwa bado matetini, amejiziba mdomo kwa kwato zote mbili.

Kila mmoja alisoma. Akarudia kusoma. Akamwita mwenzake, "Hebu njoo usome makatazo ya mzee."

Halafu Pundamilia akaandika, kwa unyenyekevu mkubwa: "Nimesoma. Mimi Pundamilia naahidi sitasema kwamba wanangu watatu wanaharisha tangu wiki iliyopita."

Pi! Yangeyange akainua kidole kufuta. Akasita. Amfutie vipi mtu anayeahidi kutii?

Pi! "Mimi Ngiri nami naahidi. Sitauliza hata siku moja kama maji yamebadilika harufu tangu mwezi ulipoandama."

Pi! "Mimi Bi Swala naahidi kutosema kuwa yalibadilika, na kwamba mimi nilihamia kulamba umande wa korongoni na wanangu ni wazima."

Pi! pi! pi! Ahadi zikamiminika. Kiboko akamwuliza Yangeyange, "Wanasemaje?"

"Wanaahidi kutii, mzee."

"Wote?"

"Wote. Kwa kirefu."

"Safi sana," akasema Kiboko, akajilaza, akasubiri matikiti.

Mwisho kabisa ikaja moja kutoka ng'ambo ya vilima: "Mimi Tembo naahidi kutochimba leo. Niko njiani nakuja kutochimba."

Kabla jua halijazama udongo ulikuwa unaruka korongoni, vumbi juu, pwa! pwa! pwa! Visima sita. Maji yakapanda taratibu, meupe, baridi. Siwatu akajaza kibuyu, akakibeba kichwani mpaka juu ya jabali, akamnywesha Mbaruku tone kwa tone. Usiniambie nieleze alivyojisikia. Ukiwa na mtoto unajua, na kama huna, kaa karibu na mama yako umwulize.

Siku ya kwanza hakuna tikiti. Siku ya pili hakuna tikiti. Siku ya tatu Kiboko akatoa kichwa majini, akatazama ukingo mmoja, akatazama ukingo wa pili. Hakuna Pundamilia, hakuna Swala, hakuna hata nyayo mpya.

"Yangeyange, mbona hakuna anayekosea?"

"Wanatii, mzee."

"Hebu nisomee hizo ahadi zao."

Yangeyange akasoma. Akasoma ya Pundamilia. Akasoma ya Ngiri. Alipofika ya Tembo, masikio ya Kiboko, yale yanayopepea siku zote, yakasimama tuli.

Akatoka majini. Ardhi ikatikisika, du! du! du! mpaka korongoni, walikokuwepo wote.

"Pimbi! Umenisemesha!"

"Mimi, baba? Mimi nimeuliza tu. Aliyesema nani?"

"Naifuta orodha! Sasa hivi naifuta!"

"Ifute, mzee wetu," akasema Siwatu, ameshika kibuyu chake. "Ila ukiifuta, hakuna marufuku tena, kila mtu anasema. Ukiiacha, umeshasema wewe. Chagua."

Tembo alikuwa nyuma ya Siwatu, ametulia tu, anajimwagia mchanga. Akasema kwa upole, "Mzee mwenzangu, hapa hapana ugomvi. Yanaumiza watoto, hayo unayoyafanya kwenye mlango wa maji. Rudi upande wa chini."

Kiboko akatazama chini. Akawaona pacha wa Digidigi, wembamba, wamelala kivulini. Sauti ikamtoka ndogo, hata Siwatu akashangaa.

"Na hamkuniambia?" akasema Kiboko. "Jambo kubwa namna hii, kwa nini hapana hata mmoja aliyeniambia?"

Wanyama wakamtazama. Yangeyange akakohoa, akaanza kujichambua manyoya ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Kiboko akaelewa. Akaelewa polepole, kwa sababu ni mkubwa na jambo lilikuwa na safari ndefu ya kufika. Akageuka, akarudi bwawani, akapita mlango wa maji bila kusimama, akaenda upande wa chini.

Baada ya hapo wakakaa kuzungumza habari ya kundi, na msidhani walikubaliana upesi. Bi Swala alisema kusiwe na kufuta kabisa. Ngiri akasimama akasema, "Wewe hukutukaniwa mama. Mimi ndiye niliyetukaniwa. Nyani achungwe bado." Wakabishana mchana kutwa, na wote walikuwa na haki kidogo. Mwisho wakasema Yangeyange abaki kazini. Tusi afute, na uzushi wa kudhuru watu afute. Ila kila akifuta aseme mbele ya wote kafuta nini na kwa nini, na faini isiingie tumboni mwa mtu. Maradhi, mimba, kiwele, choo, hayo yasiguswe.

Hawajainuka, Nyani akatuma ujumbe: dawa ya kuharisha ni kumeza kokoto saba. Pi! Yangeyange akatazama huku, akatazama kule. Fyuu! Akaandika: "Nimefuta. Kokoto si dawa, inaua. Aliyekwisha kumeza aje korongoni." Aliyekuja ni Nyani mwenyewe, anatembea kwa uangalifu, ameshika tumbo.

Siku ya tano Mbaruku akaamka akaomba chakula. Akala, akacheza, akaanguka kutoka kwenye jiwe, akalia kilio cha mtoto mzima wa afya. Halafu akaenda mahali pa ukoo, akarudi. Mama yake akaenda kutazama, kama wafanyavyo pimbi. Akachukua simu. Akaandika:

"Jamani, Mbaruku amepata choo. Kigumu. Mara moja tu."

Pi!

Yangeyange akafanya nini? Kwa nini mnanyamaza? Hakufanya kitu! Aliuacha. Pundamilia akatuma pongezi, Ngiri akatuma, Tembo akatuma stika ya mkonga unaocheza ngoma, Mama Digidigi akaandika, "Na wangu! Wote wawili!" Na baadaye sana, polepole, kwa vidole vinene, ikaingia moja kutoka upande wa chini wa bwawa: "Hongera, Mama Mbaruku. Ni habari njema hii." Siwatu akaisoma, akalia pale pale juu ya jabali, akacheka, akalia tena.

Sasa, kila ngano ina funzo, nami sitaki wazazi wenu waje kunigombeza. Funzo la ngano hii ni hili: watoto, mambo ya choo hayasemwi mbele za watu. Kabisa! Ni aibu. Ndiyo maana nimeyasema mimi tu, kwa sauti kubwa, tangu mlipokaa. Na jambo la pili, waheshimuni sana wanaokataza. Wakitoa orodha, isomeni yote, neno kwa neno, msiruke hata moja.

Nimefika, ngano imekwisha. Imekwisha?

"Imekwisha!"

Ikiwa tamu, igawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na anayetaka kuifuta?

"Atuambie kwa nini!"